Mjadala: Jaji wa Crufts amfuate nani, kiwango kilichoandikwa au mbwa aliye mbele yake?

Mfugaji wa Limuru

Ndugu wanajamvi, kila Machi maonyesho ya mbwa ya Crufts yanapofanyika Birmingham, Uingereza, kuna swali linalonikera, nami naomba tulijadili kwa kina. Jaji anayesimama ulingoni hatakiwi kumshindanisha mbwa na mbwa mwenzake. Kazi yake ni kumpima kila mmoja kwa kiwango cha mbegu yake, yaani maelezo ya umbo linalotakiwa, kilichoandikwa na Kennel Club ya Uingereza, chama kilichoanzishwa mwaka 1873 na ambacho leo kinatambua mbegu zaidi ya 200. Kiwango kikidai kichwa kikubwa na uso mfupi, jaji mtiifu atampa ushindi mbwa wa namna hiyo, hata kama anapumua kwa taabu. Mwaka 2012 madaktari wa wanyama waliwekwa kuwakagua washindi wa mbegu 15 zilizokuwa zikitiliwa shaka kiafya, na sita kati yao wakazuiwa kuendelea, wakiwemo buldogi na Pekingese, mbwa mdogo wa uso bapa. Maana yake ni kwamba ushindi uliotolewa na majaji asubuhi ulitenguliwa na madaktari siku hiyo hiyo. Mimi nasema daktari awe na neno la mwisho. Naongeza kwamba sisi wa huku, ambao mbwa wetu kazi yao ni kulinda geti usiku, hatuna historia katika mambo haya, kwa hiyo tujifunze kwanza kabla ya kukosoa.

Mwonyeshaji

Bwana Mfugaji, neno lako la "jaji mtiifu" limenichoma, kwa sababu linawafanya majaji waonekane watu wasio na macho. Nimewahi kuwaingiza mbwa wangu ulingoni Nairobi mbele ya majaji walioalikwa kutoka ng'ambo, na najua kazi yao ilivyo. Mbwa mdogo huwekwa mezani. Jaji huanza na kichwa, hufunua mdomo aone jinsi meno ya juu yanavyokutana na ya chini, hupapasa shingo, mabega na mbavu, na kwa dume huhakikisha korodani zote mbili zimeshuka. Kisha mbwa hukimbizwa kwa mwendo wa wastani, kwenda na kurudi kwa mstari ulionyooka, halafu kwa pembetatu, ili jaji aone miguu ikitoka nyuma, mbele na ubavuni. Mbwa aliyeteguka nyonga huonekana hapo hapo. Tena viwango vyenyewe hufunguliwa na tamko linalowataka wazalishaji na majaji waepuke kila hali iliyopita kiasi inayoweza kudhuru afya ya mbwa. Asiyelisoma tamko hilo asiwatuhumu watu wenye taaluma yao.

Daktari wa Mikocheni

Dada Mwonyeshaji, tamko nimelisoma, na nakubali kwamba mkono wa jaji mzoefu unajua mengi. Lakini mkono hausikii koo. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na hiyo hiyo Kennel Club walianzisha utaratibu wa kupima pumzi za mbwa wenye nyuso bapa: daktari humsikiliza mbwa kwa stetoskopu akiwa ametulia, kisha mbwa hukimbizwa taratibu kwa dakika tatu, kisha husikilizwa tena na kupewa daraja kuanzia 0 hadi 3. Kwa nini utaratibu huo ulihitajika ikiwa meza ya jaji ilikuwa inatosha?

Niwaeleze ninachokiona hapa Dar es Salaam. Mtu ananunua buldogi wa Kifaransa kwa mamilioni ya shilingi kwa sababu ameona picha ya bingwa, halafu saa saba mchana mwezi wa Februari analetwa mbwa aliyetembezwa mtaa mmoja tu. Ulimi umekuwa wa zambarau, pua ni vitundu viwili vilivyozibana hata ncha ya kalamu haiingii, na kaakaa laini limeziba njia ya hewa kiasi kwamba kila pumzi inatoka na sauti ya msumeno. Tunamlowanisha maji, tunampepea, tunampa oksijeni, na wengine hawafiki jioni. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa buldogi ulifanywa kwa upasuaji. Mbegu isiyoweza kuzaa bila kisu imefikishwa hapo na watu waliopenda makombe kuliko mbwa.

Mwonyeshaji

Daktari, kwa heshima yako yote, kusema kwamba tunapenda makombe kuliko mbwa ni dhuluma. Mimi nimekesha na jike anayezaa hadi alfajiri, nimewanyonyesha watoto wake kwa chupa kila baada ya saa mbili, na sijawahi kupata faida hata ya kulipia chakula chao. Hao wanaowauzia watu wa Dar es Salaam mbwa wasiopumua hawaingii ulingoni kabisa. Wanauza mtandaoni, hawapimi chochote, na hakuna jaji aliyewahi kuwaona mbwa wao. Unamwadhibu anayekuja mbele ya watu na kumwacha anayejificha.

Daktari wa Mikocheni

Huyo anayejificha anauza kwa kutumia picha ya bingwa wa ulingoni, dada yangu. Soko linafuata kinachovishwa utepe wa ushindi.

Mwana wa Kisangani

Nimesoma yote haya kwa utulivu hadi nikakumbuka maneno ya mtoa hoja kwamba sisi wa huku hatuna historia katika mambo haya. Ndugu Mfugaji, umewahi kumsikia basenji? Mbwa huyo anatoka kwetu, katika misitu ya Kongo. Aliletwa Crufts mwaka 1895, maonyesho hayo yakiwa bado machanga, na mbwa wale wakafa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa wa mbwa ambao miili yao haikuwa imeuzoea. Walipoonyeshwa tena mwaka 1937 umati ulifurika kuwatazama. Kwetu, wawindaji humvisha mbwa huyu njuga ya mbao au ya kibuyu shingoni kwa sababu habweki, ili mwenye wavu ajue mbwa yuko wapi vichakani na mnyama anakimbilia upande gani. Kizazi baada ya kizazi, mbwa asiyeweza kazi hiyo hakulishwa, na aliyeiweza alizalishwa. Hiyo nayo ni hukumu, na haikuhitaji ulingo. Usituambie hatuna historia.

Mfugaji wa Limuru

Kaka, nilizungumzia maonyesho, sikuzungumzia mbwa wenyewe. Lakini kwa kuwa umelifungua, nami niseme wazi: kama Waingereza wasingeandika kiwango cha basenji na kuwasajili, leo tusingekuwa na basenji wa kuzungumziwa. Angechanganyika na mbwa wa wasafiri na wafanyabiashara hadi akapotea. Daftari la ukoo ndilo lililomhifadhi.

Mwana wa Kisangani

Daftari hilo nusura limwangamize. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno, wakazalishwa wao kwa wao, hadi ugonjwa wa Fanconi ukaenea, ule ambao figo hushindwa kuzuia sukari na madini yasipotee kwenye mkojo. Wamarekani walipotafuta damu mpya walikwenda wapi? Walifunga safari hadi Zaire mwishoni mwa miaka ya 1980, wakawachukua mbwa vijijini, kwa watu ambao kwa maneno yako hawana historia, na mwaka 1990 chama cha Marekani kikafungua daftari lake kuwapokea. Pamoja na mbwa hao iliingia rangi ya milia ambayo ilibidi iongezwe kwenye kiwango. Kwa hiyo mbwa wa kijijini alilisahihisha daftari. Hata hivyo, katika kiwango cha shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, basenji ameandikiwa asili yake ni Afrika ya Kati, na mlezi wake ni Uingereza. Naomba mtoa hoja anieleze nani aliyemkabidhi mlezi huyo mtoto.

Mkazi wa Muscat

Naunga mkono swali hilo. Uingereza ilianza kuwasajili saluki, mbwa wembamba wa mbio na uwindaji, mwaka 1923, lakini huku Ghuba watu waliwajua kwa karne nyingi kabla ya hapo, na mpaka leo wako wanaowapima kwa mbio. Jaji wa Birmingham anamtazama saluki akizunguka zuliani. Yule mzee wa jangwani anataka kujua kama atamfikia swala.

Mfugaji wa Limuru

Sasa tumeacha swali. Mimi niliuliza kuhusu daktari na jaji.

Bi. Hidaya wa Tanga

Wanangu, swali halijaachwa, limefika kwenye mzizi wake. Daktari anaweza kumzuia mbwa mmoja asipite siku ile, lakini kesho yake wazazi wa mbwa huyo huyo watapandishwa tena, kwa sababu daftari la ukoo halifunguliwi kwa urahisi kuingiza damu nyingine. Tazameni mbwa wa Dalmatia, yule wa madoa. Karibu wote walikuwa na kasoro ya asidi ya yuriki inayosababisha mawe kwenye kibofu. Mwaka 1973 mtaalamu mmoja Marekani alimpandisha Dalmatia na pointa, mbwa wa uwindaji wa mbegu nyingine, mara moja tu, kisha vizazi vyote vilivyofuata vikarudishwa kwa Dalmatia, na kasoro ikaondoka. Ilichukua miaka mingapi kukubaliwa? Uingereza ilimsajili wa kwanza mwaka 2010, na alipoonyeshwa Crufts mwaka 2011 wapo wafugaji waliokasirika kwamba chotara ameingia, ilhali hakuna aliyeweza kumtofautisha kwa macho na wenzake isipokuwa kwa mkojo wake. Walichokuwa wakikilinda hapo ni nini? Afya ya mbwa haikuwemo.

Mwonyeshaji

Shikamoo Bi. Hidaya. Mfano wako ni wa kweli, na mimi nilifurahi Dalmatia yule alipokubaliwa. Ila sikubali kwamba jaji hana la kufanya mpaka daftari lifunguliwe. Kanuni zinamruhusu kuzuia tuzo ikiwa hakuna mbwa anayeistahili, hata kama darasa lina mbwa mmoja tu. Nimemwona jaji mmoja akifanya hivyo kwa pug, mbwa mdogo wa uso bapa: alimzungusha ulingoni, akamsimamisha, akamsikiliza kwa karibu, akamrudisha kwa mwenye mbwa bila utepe, akamweleza sababu mbele yetu sote. Mwenye mbwa alilalamika hadi kwa waandalizi, na hukumu haikubadilika.

Daktari wa Mikocheni

Huyo ndiye jaji ninayemtaka. Lakini wewe umehudhuria maonyesho kwa miaka, na unamtaja mmoja.

Mwonyeshaji

Ninamtaja mmoja kwa sababu jaji anayezuia tuzo haalikwi tena kwa urahisi. Wanaomwalika ni vyama vya wafugaji wa mbegu hiyo hiyo, na wao ndio wenye mbwa. Mkitaka majaji wathubutu, anzeni na nani anayewaalika, kabla ya kumleta daktari wala kufungua daftari.

Mwana wa Kisangani

Hapo tumekutana, dada. Na siku ya basenji, wamwalike basi hata mwindaji mmoja kutoka Uele, kaskazini mwa Kongo, akae pembeni mwa ulingo na aulizwe ni yupi kati yao angeingia naye msituni.