Commodore 64: nitautambuaje ubao mama kabla ya kuagiza chipu ya sauti?

Swali

Habari zenu wanajamvi. Ninayo Commodore 64 (kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980) yenye lile kasha jembamba la rangi ya krimu, na chipu yake ya sauti imekufa. Maandishi yaliyokuwa juu ya chipu yamefutika. Nimeambiwa kwamba kasha la aina hii huwa na ubao mpya, hivyo niagize 8580, yaani chipu ya sauti ya toleo jipya, lakini ubaoni nimekuta namba mbili na sijui ipi ndiyo ya kufuata. Chipu za kumbukumbu ni mbili tu.

Jibu la 1

Kasha lisikuongoze kabisa. Kiwandani waliendelea kufunga mbao za zamani ndani ya kasha jipya, na kwa upande mwingine ile 64G, toleo jingine la mashine hii, ina kasha la umbo la kale ilhali ndani yake mna ubao mfupi wa mwisho. Namba unayoitafuta ni ile inayotanguliwa na neno ASSY (kifupi cha "assembly", yaani ubao mzima uliounganishwa). Ile ya ARTWORK inahusu mchoro wa njia za shaba tu. Ukikuta 326298, huo ni ubao wa mwanzo, wa 1982, ambao soketi yake ya video ina matundu matano badala ya manane. Baadaye zikaja 250407, 250425 na 250466, na zote hizo hutumia 6581, ile chipu ya sauti ya zamani. Ubao mfupi, 250469, ndio unaotumia 8580.

Jibu la 2

Naongezea hapo, kwa sababu kosa la kuweka chipu isiyolingana na ubao huua chipu ambazo hazitengenezwi tena: 6581 hulishwa volti 12, ilhali 8580 hulishwa volti 9, na hata kapasita za kichujio hutofautiana, yaani pikofaradi 470 kwa ile ya zamani na nanofaradi 22 kwa ile mpya. Kumbukumbu za chipu mbili nazo si ushahidi wa ubao mfupi, kwani 250466 inazo mbili vilevile. Kama chipu mbovu imo kwenye soketi, ing'oe, washa mashine, kisha pima volti kwenye soketi hiyo, kati ya tundu la 14, ambalo ni ardhi, na tundu la 28, linalolisha chipu umeme huo.

Muulizaji

Nashukuruni sana. ASSY inasomeka 250466, na mita imeonyesha volti 12 kwenye tundu la 28. Naagiza 6581.