Msaada: Manifodi ya FJ45 imepasuka, fundi anataka kunitengenezea heda

Zabibu_za_Hombolo
Wakuu habari za jioni. Nina pickup ya Land Cruiser FJ45 ya 1982, petroli, injini 2F, nabebea zabibu kutoka Hombolo. Manifodi ya moshi, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini, imepasuka. Tumeichomelea mara mbili, inapasuka pembeni ya mshono uleule. Fundi wa Kizota anasema tuachane nayo, ataniundia heda, yaani mabomba ya moshi ya kuunda, moja kwa kila silinda. Kazi yake nimeiona kwenye gari la jamaa: inanguruma safi, ila bolti za chini zimejificha nyuma ya mabomba, spana haipiti. Sasa gasiketi ikiungua si nitakata bomba? Nisaidieni kabla sijatoa advansi.

MzeeSpana
Hicho ni chuma cha kutupwa, kijana wangu. Ukikichomea bila kukipasha moto chote na kukiacha kipoe taratibu, kitakuchezea hivyohivyo.

Kwenye 2F manifodi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja, gasiketi moja, na kuna washa (ringi) nene za bolti zinazokandamiza flenji zote mbili, yaani vile vibao vya kufungia kwenye injini, kwa pamoja. Kwa hiyo flenji ya heda ilingane unene na ile ya hewa. Ikiwa nyembamba, washa inalala upande, utakaza mpaka stadi (bolti isiyo na kichwa) ikatike na moshi utaendelea kuvuja. Watu hubadilisha gasiketi tatu wakidhani ni feki.

Mabomba yakusanywe hivi: ya silinda 1-2-3 pamoja, na ya 4-5-6 pamoja.

Mama110
Mimi niliumizwa na Land Rover yangu ya V8. Plagi ziko upande wa moshi, heda ikapita karibu mno, kofia za waya za plagi zikayeyuka kabla hata sijafika Manyoni. Kutoa plagi moja ilikuwa lazima nilegeze heda nzima. Fundi alikuwa ameshakula hela yake.

Kibaigwa_Gereji
Mkuu, asimalizie kuchomelea. Flenji ifungwe kwenye injini, mabomba yashikizwe kwa vidoti vya kuchomelea tu. Kisha shika spana wewe mwenyewe, fungua bolti zote moja moja. Inayogoma, bomba lipindwe upya hapohapo. Halafu mtu akanyage mafuta uone injini inavyoyumba, maana bomba lisilogusa chesisi gari likiwa kimya linaweza kugonga ukipanda mlima.

Chini aweke flenji ya kufungua kabla ya gia boksi. Siku ya kubadili klachi utanikumbuka. Nati za shaba, hazigandi kwenye stadi.

Zabibu_za_Hombolo
@MzeeSpana, na lile tundu chini ya manifodi ya hewa, linalopashwa joto na moshi?

MzeeSpana
Lizibwe kwa bamba na gasiketi. Asubuhi za Juni na Julai hapo Dodoma utavuta choki muda mrefu zaidi, basi. Na usifunge mabomba ya chuma cha kawaida kwa ile tepu ya joto, inashika unyevu na kutu inakula kimyakimya.

Zabibu_za_Hombolo
Mrejesho: leo tumejaribu na vidoti. Bolti mbili za nyuma hazikufikika kabisa, bomba la sita linapindwa upya kesho. Fundi alinuna kidogo. Manifodi ya zamani nimerudi nayo nyumbani, alishaanza kuipigia hesabu ya chuma chakavu.