Hela ya jeshi na hela ya zahanati: hivi ni kweli moja inakula nyingine?

Kijana_wa_Kirumba:
Wakuu habari za jioni. Jana pale soko la Mwaloni hapa Mwanza tulibishana mpaka watu wakaacha kupakia dagaa. Jamaa mmoja anasema bajeti ya jeshi ikikatwa nusu tu zahanati zote za visiwani zinapata dawa na manesi, mwingine akamjibia juu kwamba nchi isiyo na jeshi ni shamba lisilo na mwenyewe. Mi nikabaki katikati. Bajeti ya 2025/26 ni trilioni 56.49, hela ndefu hiyo, alafu mama mjamzito kisiwani bado anavushwa usiku kwa mtumbwi wa mtu wa dagaa, tena mpaka petroli ichangwe kwanza. Hivi kweli jeshi ndo linakula hela ya zahanati? Anayejua anijibu, ushabiki wa vyama tuweke pembeni.

Mzee_Nyamanoro:
Mwanangu, 1978 mimi nilikuwa kijana hapa hapa Mwanza. Idi Amin wa Uganda aliingia Kagera mwezi wa kumi, na Machi 1979 ndege ya Walibya waliokuwa wanamsaidia ikaja mpaka huku ikitafuta matenki ya mafuta, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi ya wanyama yakaua swala. Kwa hiyo mtu akiniambia hela ya jeshi ni ya kutupa simwelewi kabisa. Lakini na hili mlijue nyie vijana, baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979 Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18, na miezi 18 ikapita mkanda bado uko pale pale. Sabuni hamna, wake zetu wanafulia majani ya mpapai, hospitali unaandikiwa dawa unaambiwa katafute. Sisemi ni vita peke yake, mafuta yalipanda bei dunia nzima na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika 1977, ila ile vita gharama yake karibu yote tuliibeba wenyewe, na waliolipa ni wagonjwa na watoto wa shule. Ningeambiwa nichague tena ningesema Amin apigwe. Ila bili yake naikumbuka.

mhasibu_igoma:
Shikamoo mzee. Kijana, mnakosea kulinganisha wizara na wizara. Kwenye vitabu vya bajeti jeshi lina mafungu matatu, 57 ni wizara ya ulinzi, 38 ni Ngome, yaani JWTZ lenyewe, na 39 ni Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na humo kuna mishahara, posho na chakula cha askari, sasa ukisema kata nusu maana yake unarudisha askari nyumbani, sio unaacha tu kununua vifaru. Afya nayo ukisoma fungu 52 la Wizara ya Afya peke yake unaweza kulia, lakini hela ya zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya inapita TAMISEMI, wanaosimamia serikali za mitaa, na halmashauri, wengi wanaopiga kelele mtandaoni hawajaijumlisha. Na mlaji mkubwa kuliko hao wote hamkumtaja, DENI. Kwenye bajeti hiyo ya 2025/26 ni zaidi ya trilioni 14, na hilo halisubiri mtu, linalipwa kwanza. Pamoja na hayo serikali isijifiche nyuma ya deni, pale Abuja 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana afya ipewe asilimia 15 ya bajeti, na sisi bado hatujafika.

Bwiru_Boy:
Costa Rica walifuta jeshi 1948 na hela wakapeleka shule na hospitali, mbona hawajafa? Sisi tunashindwa nini?

mhasibu_igoma:
@Bwiru_Boy jirani wa Costa Rica sio Goma. Umeona Januari 2025 waasi wa M23 walivyouteka mji huo wa Kongo, na askari wetu walikuwepo. Tena angalia Uingereza, Februari 2025 walitangaza kupunguza misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lao mpaka 0.3 ifikapo 2027 ili jeshi lao lipate zaidi. Kule kweli imekatwa huku ikapelekwa kule waziwazi, na misaada ya namna hiyo ndo inalipia dawa nyingi kwenye nchi kama zetu.

Nesi_wa_Visiwani:
Naomba niseme kama mtu ninayeishi kisiwani. Mi siwezi kulitukana jeshi, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka pale Ukara Septemba 2018 wanajeshi walikuja kuzamia na kuopoa, na siku mbili baadaye mtu alitolewa mule ndani akiwa hai. Lakini kaka mhasibu hesabu zako zinaishia kwenye kitabu. Hapa kwetu boti ya wagonjwa IPO, imepakwa rangi nzuri, imefungwa kamba kwenye jiwe, injini nzima, tenki kavu. Mama anatokwa damu saa nane usiku mi napiga simu kuomba petroli. Mnabishana trilioni, mi nahitaji madumu mawili ya mafuta yakae stoo yasiguswe na mtu.

Kijana_wa_Kirumba:
Dada pole sana aisee. @mhasibu_igoma sasa hayo mafuta ya boti tunayadai wapi?

mhasibu_igoma:
Halmashauri. Diwani wenu aulize kwenye baraza, na asiulize zilizotengwa, aulize ZILIZOTOKA robo hii na zimenunua nini. Akijibiwa kwa mdomo adai karatasi.