Mara ya kwanza kumwongoza mbwa ulingoni: nianzie wapi?

JikeLaKahawia
Wakuu, salaam. Nina jike wa miezi 11, kimo cha kati, manyoya mafupi. Nimemwandikisha kwenye maonyesho ya mbwa yaliyobakiza wiki 6, na nitamwongoza mwenyewe. Amri za nyumbani anazijua: kaa, lala, njoo. Shida ni mbili. Nikimsimamisha ili atazamwe, anakaa chini papo hapo. Nikikimbia naye, mara ananivuta, mara anarukaruka. Naomba mwongozo: kamba gani, mazoezi gani, na mbele ya jaji nifanye nini hasa?

NyayoNne
Karibu mkuu. Kukaa chini si ukaidi. Umemzoesha kwamba kipande cha nyama hutoka akikaa, naye anakupa alichofundishwa. Kwa wiki hizi 6 neno "kaa" liweke kando kabisa. Chagua neno jipya, "simama" linatosha, na umlipe akiwa kwa miguu minne tu. Anza na sekunde 2, nenda 5, kisha 10, mpaka afike dakika moja bila kusogeza mguu. Akianza kushusha makalio usimkemee, piga hatua moja mbele naye atainuka mwenyewe, halafu anza upya. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha. Ukimfanyisha nusu saa atachoka, na mbwa aliyechoka huning'iniza kichwa na mkia, na hivyo ndivyo atakavyozoea kusimama.

Kumpanga miguu kuna utaratibu wake. Mkono mmoja ubaki kichwani muda wote, chini ya taya au kwenye kola. Anza na mguu wa mbele ulio upande wa jaji, kisha mwenzake, ndipo uende nyuma, tena ukianzia upande wa jaji. Mguu wa mbele ushike kwenye kiwiko, si kwenye kanyagio (wayo anaokanyagia). Ukishika kanyagio mbwa huuvuta mguu, na kila ukiuweka anaurudisha. Kabla ya kuuinua, geuza kichwa chake kidogo kuelekea upande wa pili: uzito utahamia huko, na mguu unaoutaka utakuwa mwepesi. Ukiuweka, ushuke wima kutoka kwenye kilele cha bega, vidole vikitazama mbele.

Mguu wa nyuma ushike juu kidogo ya kisigino, kile kifundo kinachotokeza nyuma. Kipande kati ya kisigino na kanyagio kiwe wima. Ukiivuta miguu nyuma mno, mgongo unateremka kama paa. Ukiiacha chini ya tumbo, mgongo unatunga kibyongo. Akiegemea nyuma, mvute mkia taratibu kuelekea nyuma; atakataa kwa kusukuma mbele, nawe utakuwa umepata ulichotaka.

Haya ni kwa mbwa wengi, si wote. Mchungaji wa Kijerumani, kwa mfano, husimamishwa mguu mmoja wa nyuma ukiwa umerudishwa. Soma kigezo cha aina yako, yaani maelezo rasmi ya umbo la aina hiyo ya mbwa, kabla hujaiga mtu.

Mchakamchaka
NyayoNne amemaliza habari ya kusimama, mimi niseme mwendo, maana hapo ndipo wageni wengi huharibikiwa.

Kwanza kamba. Kamba ya matembezi haifai, ni nene na inaficha shingo. Tafuta nyembamba, urefu wa mita moja hivi, yenye kitanzi au kola nyembamba inayokaza na kulegea. Ivae juu kabisa, nyuma ya masikio na chini ya taya. Ikiteremka hadi chini ya shingo, umempa mahali pa kuvutia kama punda wa mkokoteni, na ukimrekebisha anakohoa. Kamba inayozidi ikunje kiganjani mkunjo juu ya mkunjo. Usiizungushe vidoleni, akishtuka na kuruka vidole vitaumia. Na isining'inie, ikipiga bega lake atakuwa anaikwepa kila hatua.

Mwendo unaotakiwa ni mchakamchaka: mguu wa mbele wa kulia unakwenda pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi nyingine. Hapo ndipo jaji anaona mabega na nyonga zinavyofanya kazi. Makosa mawili ya kawaida: akirukaruka, umeanza kwa kasi mno au ana ashiki ya kucheza. Akienda mwendo wa ngamia, miguu ya upande mmoja pamoja na mwili ukiyumba, mara nyingi unakwenda polepole mno, kamba imekaza, au kachoka. Usijaribu kumrekebisha akiwa katika mwendo huohuo. Zunguka naye duara dogo, inua kamba kidogo, toka kwa hatua za haraka. Kasi yake kamili utaipata kwa kurekodi video kutoka ubavuni: jaribu kasi 3 tofauti, kisha tazama ni ipi ambayo mgongo wake hautikisiki. Hesabu hatua zako katika kasi hiyo, uzikariri.

Kamba ikikaza sana, miguu ya mbele haikanyagi sawasawa, na jaji atadhani mbwa wako ana kasoro ya mabega. Kosa lako litaandikwa jina lake.

Sasa fanya jambo ambalo wengi wanaliona la kipuuzi: wiki ya kwanza fanya mazoezi bila mbwa. Funga kamba kwenye mpini wa ndoo, ishike mkono wa kushoto, ukimbie mistari. Miguu yako ikishajua njia, macho yatabaki kwa mbwa.

Mistari yenyewe: mzunguko wa ulingo huenda kinyume cha saa, mbwa kushoto kwako, hivyo yuko upande wa ndani anakoonekana. Kwenda na kurudi ni mstari mmoja. Chagua kitu mbele yako, nguzo au kona ya kamba ya ulingo, ukifuate bila kupinda. Pembetatu: unaondoka, unakata kona, unavuka upande wa mbali, unarudi kwa jaji. Kona usizikate kwa ghafla, zungusha kwa hatua 3 au 4 la sivyo mbwa atavunja mwendo. Mstari wenye umbo la L ndio mtego. Unakwenda mbele, unakata kushoto, unafika mwisho, unageuka na kurudi. Ukirudi kwenye upande ule wa kukata, mbwa akibaki mkono wa kushoto wewe ndiye unayeonekana na mbwa amefichika. Hapo unahamisha kamba mkono wa kulia. Usisimame wala usikimbie kati ya mbwa na jaji, hilo litangulie yote.

Ukimrudia jaji, anza kupunguza kasi ukiwa mita 3 kabla, simama mita 2 hivi mbele yake, mbwa akisimama mwenyewe kwa miguu minne. Usipomfikia kwa taratibu atakaa, na tumerudi kule kule.

JikeLaKahawia
Asanteni sana. Ndoo nitaijaribu usiku majirani wamelala. Maswali mengine: nyama nimpe saa ngapi akiwa ulingoni? Na jaji akimshika mdomo, nifanyeje?

Kiwiko
Nyama itumie akisimama, si akitembea. Hapa wengi hukosea. Ukiishika mkono wa kushoto huku mnakimbia, shingo inapinda kukutazama, na makalio yanatoka nje. Mbwa anakimbia kiubavu kama kaa wa pwani, nawe unashangaa. Kata vipande vidogo kama punje ya mbaazi, vya kutafuna mara moja. Maini yaliyochemshwa kisha kukaushwa hayachafui mfuko. Jaji akikaribia kutazama meno, acha kabisa: makombo mdomoni yanamfanya mbwa atafune huku anakaguliwa. Asubuhi ya maonyesho mpe chakula kidogo kuliko kawaida, ili kipande bado kimvutie.

Kuhusu kukaguliwa, mzoeshe kuguswa na watu wasiopungua 10: warefu, wafupi, wenye kofia, wenye miwani, wenye mkoba. Mtu aanze mbele, mbwa amwone, anuse mkono. Kisha kichwa, meno, shingo, mabega, mbavu, mgongo, mkia. Dume hukaguliwa korodani pia, zote mbili ziwe zimeshuka. Jaji akiwa mbele, wewe kaa ubavuni. Akipita nyuma, wewe ndiye wa kushika kichwa.

Majaji wengine hukuambia uonyeshe meno mwenyewe. Funga taya, vuta midomo juu na chini mbele ili mkutano wa meno uonekane, kisha kulia na kushoto. Usimfunike pua wala macho. Mbwa aliyezibwa pua hurudi nyuma, na hiyo ndiyo sababu mbwa wengi wapole huonekana waoga mezani na ulingoni.

Jambo jingine: jike wa miezi 11 anaweza kuingia joto wakati wowote. Kanuni za waandaaji hutofautiana juu ya hilo, zisome sasa, si wiki ya mwisho.

NyayoNne
Nikazie kucha, maana zinachukua muda. Kucha ndefu hutawanya vidole na kumfanya aegemee nyuma ya kanyagio. Ukisikia zinagonga sakafu, ni ndefu. Kata kipande chembamba mara 2 kwa wiki: mshipa ulio ndani hurudi nyuma kidogo kidogo, na kwa wiki 6 utakuwa umefika mbali. Ukikata zote kwa siku moja, utamtoa damu na hatakuamini tena.

Manyoya mafupi muogeshe siku moja kabla, suuza mpaka maji yatoke safi, kisha mpanguse na kitambaa cha unyevu asubuhi. Wenye manyoya magumu kama waya wasiige hili, maji na sabuni karibu na maonyesho huyalainisha, na ugumu huo ndio unaotazamwa.

Mchakamchaka
Nguo: rangi tofauti na ya mbwa. Jike wa kahawia mbele ya suruali ya kahawia hana mstari wa mgongo. Viatu bapa vya soli ya mpira, mfuko wa kutosha mkono mmoja, na funguo na sarafu zibaki kwenye begi, zinalia ukikimbia. Namba yako hufungwa mkono wa kushoto.

Mkiwa kwenye foleni, acha mita 2 hivi kati ya pua ya mbwa wako na mkia wa mbele. Aliye mbele akiwa mzito usimpite, chelewa kuondoka. Mhesabie hatua 4 au 5 zaidi ndipo uanze. Na mkishasimama, usitulie ukazungumza. Jaji huchungulia mstari wakati anamkagua mwingine. Mbwa anaweza kupumzika jaji akiwa mbali nanyi, lakini ukiona jaji anageuka, mpange.

Fika mapema, angalau saa moja kabla ya darasa lako (kundi la mbwa mnaoshindana pamoja), utazame madarasa yaliyotangulia. Utajua jaji huyu anataka pembetatu au L, na wapi anapenda kusimama. Chukua kamba ya pili mfukoni, maana ile nyembamba hukatika kwenye fundo.