Bahari ikipanda kidogo tu, mbona kingo za udongo zinamegeka zaidi?

Mdadisi: Wakuu naomba kueleweshwa. Bahari duniani imepanda kama sentimita 20 hivi tangu 1900, yaani shibiri moja. Sasa ukingo una urefu wa mita 15, shibiri moja inaufanya nini?

Chumvi: Mkuu usiangalie urefu, angalia pale chini. Wimbi linachimba mguuni mwa ukingo, linatoboa kwa ndani, huku juu kunabaki kunaning'inia mpaka uzito unazidi pande zima linashuka. Maji yakiwa mafupi mbele ya ukingo wimbi linavunjikia mbali na linafika halina nguvu, ila kina kikiongezeka hata kidogo linakuja kuvunjikia karibu. Halafu kuna suala la muda, ukingo uliokuwa unaguswa na maji wakati wa bamvua au dhoruba tu sasa unaguswa hata na maji kujaa ya kawaida, kwa hiyo saa za kupigwa zinaongezeka mwaka mzima. Mwamba mgumu unavumilia, udongo wa mfinyanzi hauwezi.

Ziwani: Nakubali ila tusiibebeshe bahari kila kitu. Holderness kule Uingereza ni udongo ulioachwa na barafu ya kale, unaliwa karibu mita 2 kwa mwaka na vijiji vimemezwa tangu zamani sana, kabla hata ya joto hili la sasa. Mvua nayo inazama ndani, udongo unalowa unakuwa mzito unateleza wenyewe. Bahari kupanda inaongeza kasi ya kitu ambacho tayari kipo. Na kinachouma ni kwamba ufukwe wa mchanga ukiliwa na dhoruba unaweza kurudi, ukingo ukishaanguka ndo basi.

Mdadisi: Asanteni sana. Sasa si wajenge ukuta tu?

Ziwani: Hapo pagumu. Ule udongo unaoanguka, tope laini linachukuliwa na maji ila mchanga na kokoto vinabaki vinakuwa ufukwe, na ufukwe ndo unaopunguza nguvu ya mawimbi. Ukizuia ukingo usimegeke umekata mchanga wa jirani. Mappleton, hukohuko Holderness, mwaka 1991 waliweka mawe makubwa na vizuizi viwili vya kunasa mchanga, kijiji na barabara vikapona, lakini upande wa kusini mchanga ukapungua na mashamba ya watu yakaanza kuliwa kwa kasi zaidi.