Hita ilipasuka usiku wa manane, ruzuku inataka niwe nimeomba kibali kabla haijapasuka

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mnisamehe. Na nyie wa "ungesoma masharti kwanza", nawaomba mfike mwisho ndiyo mje kunisema.

Hita yangu ya maji ilikuwa ya umeme, ya tangi, lita 150, ina miaka kumi na moja. Haikuwahi kuonyesha dalili. Jumapili usiku nasikia maji yanatiririka, nikadhani kuna mtu kasahau bomba. Kwenda kuangalia, tangi limetoboka chini, kutu imelila mpaka limebaki kama karatasi. Nikazima swichi kuu, nikafunga koki, tukakesha na ndoo na matambara. Kulipokucha mama yangu mzazi, ambaye miguu yake asubuhi haikunjuki bila maji ya moto, anachemshiwa kwenye birika. Mtoto mchanga, birika. Vyombo, birika. Kaeni hivyo siku tatu halafu mje mniambie habari za subira.

Fundi alipolifungua lile tangi akanionyesha kitu ambacho kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeniambia kipo. Ndani ya tangi kunawekwa fimbo ya magneziamu, kazi yake ni kuliwa na kutu ili chuma cha tangi kipone. Ikiisha, kutu inahamia kwenye tangi lenyewe. Yangu ilikuwa imebaki waya mtupu. Hapo nakubali, kosa ni langu. Kama una hita ya tangi na hujawahi kuikagua fimbo hiyo, wiki hii mwite fundi, uzi huu utakuwa umekufaa hata usipousoma wote.

Sasa sikilizeni. Fundi akanipa njia mbili. Ya kwanza, anafunga hita kama ile ile ya koili, yaani waya wa umeme unaopasha maji ndani ya tangi, mchana huo huo, maisha yanaendelea. Ya pili, pampu ya joto. Nikakumbuka lile tangazo: badilisha hita yako, okoa umeme, serikali inakuchangia. Picha ya familia inacheka. Hakuna mwenye matambara mkononi.

Mimi si mtu wa kudanganywa na picha, nikapiga hesabu. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunataka karibu yuniti 7 za umeme. Kwa koili huna pa kukwepea, koili inageuza karibu umeme wote kuwa joto, hakuna kinachopotea cha kuokoa zaidi ya kulivisha tangi koti zuri la kuzuia joto lisitoke. Pampu ya joto inafanya kazi nyingine kabisa. Ni friji iliyogeuzwa: inanyonya joto lililomo kwenye hewa na kulisukuma ndani ya maji. Yuniti moja ya umeme inakuletea yuniti mbili, tatu, wakati mwingine zaidi za joto, kutegemea hewa inayovutwa ina joto kiasi gani. Kwa kipimo cha tatu, zile yuniti 7 zinakuwa mbili na kidogo. Kila siku. Ukizidisha kwa mwaka unaona kwa nini serikali inataka watu wahame. Mpaka hapo niko upande wao, tena kwa moyo wote.

Tatizo ni kwamba mashine yenyewe ni ghali mara kadhaa kuliko hita ya koili. Bila ruzuku nisingeigusa. Nikakopa kazini, nikaongeza akiba, Jumatano ikafungwa na fundi aliyesajiliwa, mwenye cheti, yuko kwenye orodha yao wenyewe. Alhamisi nikapeleka maombi: risiti, picha, namba ya mashine, nakala ya cheti cha fundi, kila walichotaka.

Wiki saba baadaye jibu likaja. Mstari mmoja. "Kifaa kilifungwa kabla ya kibali cha awali."

Nikaenda mwenyewe. Dirishani kuna dada mmoja, mpole kwa kweli, simlaumu.

"Kaka, utaratibu ni uombe kwanza, upate kibali, ndiyo ufunge."

"Kibali kinachukua muda gani?"

"Wiki sita mpaka nane, kama nyaraka zimekamilika."

"Dada, hita ilipasuka usiku. Nikae wiki nane bila maji ya moto na mama mgonjwa ndani?"

Akanitazama kwa huruma, akasema neno ambalo mpaka leo linaniamsha usingizini: "Ungeomba mapema."

Mapema! Kabla ya nini? Nani anaamka asubuhi, hita inafanya kazi, maji yanachemka vizuri, akasema leo ngoja nikaombe kibali cha kuitoa? Hita ya maji si sofa. Hakuna anayeibadilisha kwa kuichoka. Inabadilishwa siku imekufa, na siku hiyo mwenye nyumba ana saa chache za kuamua huku sakafu imelowa. Hapo ndipo uamuzi wa miaka kumi ijayo unafanyika. Serikali ikitaka nichague kifaa kizuri, inatakiwa iwepo saa hiyo. Yenyewe saa hiyo imelala, itaamka baada ya wiki nane.

Na matokeo yake fundi wangu anayajua kuliko ofisi. Aliniambia wateja wake wengi wakisikia habari ya kibali wanasema funga ile ile ya zamani. Anafunga. Nyumba hiyo imejifunga na koili kwa miaka mingine kumi au zaidi, na hakuna takwimu ya serikali itakayowahesabu, maana hawakuomba chochote. Wanaohesabiwa ni walioomba. Ripoti inatoka nzuri.

Anayefaidi ni nani basi? Ni mwenye nafasi ya kupanga. Anayejenga nyumba mpya, anayekarabati, mwenye mtu wa kumjazia fomu, mwenye fedha za kulipa zote leo na kusubiri marejesho mwaka kesho. Huyo hata bila ruzuku angenunua. Mpangaji ndiyo usiseme, hita ni ya mwenye nyumba na bili ni ya mpangaji, mwenye nyumba anajisumbua kwa lipi?

Kuna atakayesema ndivyo ilivyo kila mahali. Si kweli, na si kweli pia kwamba sisi ni wa kwanza kuharibu. Uingereza walifungua mpango wao wa vocha, Green Homes Grant, Septemba 2020. Ulikuwa unalipia mpaka hita za jua na pampu za joto. Lengo nyumba 600,000. Machi 2021 ukafungwa, miezi sita tu. Wakaguzi wao wa taifa walipopiga hesabu wakakadiria ungefikia nyumba 47,500 hivi. Watu walisubiri vocha, mafundi waliomaliza kazi walisubiri malipo. Nchi yenye makarani na kompyuta za kila aina. Marekani walitumia kodi: kuanzia 2023 ukifunga pampu ya joto ya maji ulikuwa unapunguziwa kodi kwa asilimia 30 ya gharama, kwa kikomo maalumu. Ila ile nafuu haikuwa inarejeshwa kama fedha, kwa hiyo asiye na kodi ya kulipa, yaani mstaafu au mwenye kipato cha chini, hakupata kitu. Nayo ikafutwa, mwisho wake 31 Desemba 2025.

Halafu tazama Australia. Kule hita ya jua au pampu ya joto inazaa vyeti vyenye thamani ya fedha kulingana na umeme itakaouokoa, na mnunuzi anaweza kumwachia muuzaji haki ya vyeti hivyo. Muuzaji anakata bei pale pale, yeye ndiye anayekwenda kuhangaika na makaratasi. Mteja analipa kilichobaki na kwenda kuoga. Mbona hilo haliigwi? Semina za kwenda kujifunza nje hazikosekani.

Israel wao hata hawakubembeleza mtu. Sheria ya 1980 ilitaka nyumba mpya za makazi zijengwe na hita ya jua, basi. Mtu hajazi fomu, nyumba inazaliwa nayo. Sisemi tuige kila kitu, ila hiyo ni serikali iliyojiuliza uamuzi unafanyika lini, ikakuta ni siku ya kujenga, ikakaa hapo hapo. Hita ya jua nayo ilinipitia kichwani, lakini paa langu lina kivuli cha jengo la jirani nusu ya siku. Na kuiunganisha upya na mabomba si kazi ya mchana mmoja.

Nirudi kwenye ruzuku, kuna jambo la pili limenichoma. Niliomba makadirio kwa mafundi wawili. Mmoja akaniuliza kabla hata ya kuuliza ukubwa wa tangi: "Hii ni ya ruzuku au ya kawaida?" Nikamwambia ya ruzuku. Nikamtuma shemeji aulize kazi ile ile, mashine ile ile, aseme ya kawaida. Yangu ilikuwa juu karibu theluthi nzima. Yaani mchango wa serikali umeshakatwa mlangoni kabla haujanifikia. Nikamwacha, nikamchukua wa pili. Lakini jiulizeni ni wangapi hawana shemeji wa kumtuma.

Na hakuna anayekuja kukagua. Ruzuku inalipwa kwa picha ya mashine ukutani. Jamaa yangu mmoja yeye kibali alipata, ruzuku akalipwa, lakini fundi akamfungia pampu kwenye stoo ndogo, mlango umefungwa, hakuna hata tundu la hewa. Mashine inavuta joto la hewa ya stoo, inatema hewa ya baridi mle mle, inaivuta tena. Baada ya saa moja stoo imekuwa jokofu na pampu inahangaika, mwisho inawasha koili yake ya akiba. Bili haijashuka hata kidogo. Kwenye ripoti yeye ni mafanikio. Mimi ambaye yangu imewekwa nje kwenye upenyo mzuri, inavuja maji yake ya jasho kwenye mfereji kama inavyotakiwa na inakula yuniti chache, sipo kabisa.

Kwa hao mnaofikiria kununua bado, msikate tamaa na kifaa kwa sababu ya ofisi. Kiangalieni tu pa kuwekwa, kina feni na kompresa, kinanguruma kiasi, msikiweke chini ya dirisha la kulala. Kinapasha polepole kuliko koili, kwa hiyo tangi liwe kubwa kidogo kuliko mlilozoea. Na msishawishike kushusha kipimo mpaka nyuzi 45 ili kuokoa zaidi. Maji ya vuguvugu yaliyotulia tangini ndiyo makao ya bakteria wa lejionela, wanaoleta nimonia mbaya. Tangi likae nyuzi 60, na kwenye bomba la kuogea fungeni valvu ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi ili mtoto asiungue. Haya yote hayamo kwenye kipeperushi chao. Kipeperushi kina familia inayocheka.

Ninachotaka si kikubwa. Dirisha la dharura: hita imekufa, fundi aliyesajiliwa anapiga picha tangi lililotoboka na namba yake, anatuma, anafunga siku hiyo hiyo, mengine mkague baadaye. Mkimkuta amedanganya, mfutieni usajili. Fundi mnaye kwenye orodha, mnamjua anapoishi, kwa nini mnaogopa kumwamini yeye na kunitesa mimi?

Nimekata rufaa. Wamejibu haraka safari hii, siku nne tu. Wanataka ushahidi kwamba hita ya zamani ilikuwa imeharibika, yaani waje kuikagua ikiwa mahali pake. Mahali pake! Mahali pake pana hita mpya, ndiyo maana ya kufunga hita mpya. Ile ya zamani ilikaa nyuma ya nyumba wiki tano, mke wangu akachoka kuitazama, akamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimebaki na video ya sekunde kumi na mbili niliyopiga usiku ule, maji yanatoka, na sauti yangu nyuma yake nikisema maneno ambayo siwezi kuyapeleka kwenye ofisi ya umma.

Kama kuna aliyewahi kushinda rufaa ya namna hii, aseme aliambatanisha nini. Na kama kuna anayejua kuondoa sauti kwenye video ikabaki picha peke yake, aje inbox.