MJADALA: Mwanafunzi wa udaktari akivunjika, tatizo ni yeye au ni namna tunavyomfundisha?

Wakuu habari za muda huu. Mada hii imenikaa kifuani tangu wiki iliyopita ngoja niitoe. Nilikaa na madaktari wawili wa siku nyingi, mmoja akasema wanafunzi wa sasa hivi ni laini, kidogo tu msongo wa mawazo, "sisi tulikesha, tukatukanwa kwenye raundi, ile ya kupita kitanda hadi kitanda, mbele ya wagonjwa, na hatukufa". Mwenzake akaitikia. Mimi nilinyamaza kwa heshima ila sikukubali, na leo nasema kwa nini, alafu mnipinge mnavyotaka.

Mwaka 2016 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti karibu 200 kutoka nchi 47, wanafunzi wa udaktari zaidi ya 120,000. Wenye sonona au dalili zake walikuwa asilimia 27.2, wenye mawazo ya kujiua asilimia 11.1. Ila namba iliyoniuma mimi sio hizo. Kati ya waliopimwa wakakutwa na dalili, waliokwenda kutafuta matibabu ni asilimia 15.7 tu. Watu wanaosomea kutibu, wanajua dalili zote kwa kichwa, na wao wenyewe hawaendi kutibiwa!

Na mtu asiniambie wanakuja wakiwa dhaifu tayari. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliwalinganisha wanaoanza udaktari na wahitimu wa vyuo wa rika lao, wanaoanza udaktari ndio walikuwa na hali nzuri zaidi kiakili na kimaisha. Wanaingia wazima. Kinachowavunja wanakikuta ndani.

Nina rafiki nilisoma naye, simtaji. Tulikuwa ndo tumeanza wodi, yeye amekesha kwenye zamu anapokea wagonjwa na kuandika historia zao mpaka kunakucha, saa mbili raundi ikaanza bila yeye hata kunawa uso. Akaulizwa kiwango cha potasiamu cha mgonjwa wake, akafungua faili, mkono unatetemeka mpaka karatasi zinasikika. Hakuipata. Akaambiwa mbele ya watu kumi na kitu, "wewe utaua watu". Mzee aliyelala pale kitandani ndiye aliyemshika mkono raundi ilipohamia kitanda kingine akamwambia "pole mwanangu". Baadaye nikamkuta chumba cha kuoshea vyombo vya wodi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, halii, anaangalia ukuta tu. Nikamwambia nenda kwa mshauri nasaha, akaenda mpaka mlangoni akarudi. Nilimlaumu sana siku ile na mpaka leo najuta, kwa sababu mshauri wetu alikuwa ndiye huyohuyo mhadhiri anayetusahihishia mitihani ya vitendo. Wewe ungeingia? Ungemwambia mtu huyo kwamba usiku unawaza kufa, alafu kesho kutwa usimame mbele yake akupe maksi? Rafiki yangu akapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, watu wakasema mvivu.

Kwa hiyo hoja yangu ndo hii, tusihangaike kumkomaza mwanafunzi kabla hatujagusa ratiba, maksi na mlango wa kuombea msaada. Karibuni.

---

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho na pole kwa rafiki yako, ila nakupinga. Mimi ni mpasuaji. Mama anayevuja damu saa nane usiku hasubiri daktari alale kwanza. Huu ugumu hatukuubuni sisi kwa roho mbaya, ndo kazi yenyewe ilivyo, ukimlea mwanafunzi kama yai siku akibaki peke yake na mgonjwa atafanyaje? Matusi sikubaliani nayo, hilo tuko pamoja. Lakini kukesha, kusoma vitu vingi, kuulizwa maswali ukiwa umechoka, hivyo vinamjenga mtu na mimi vimenijenga.

---

Daktari samahani naomba niingie hapo kwenye uchovu. Mimi ni muuguzi, niko wodini miaka mingi, na haya makosa nayaona mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Alfajiri saa kumi na moja mtoto wa watu anaandika dozi, nukta inahama, 0.5 inakuwa 5, anakuletea na macho mekundu kabisa na hajui kaandika nini. Mchana huyohuyo hakosei. Hapo kakomaa nini? Kule New York mwaka 1984 alifariki binti wa miaka 18, Libby Zion, akiwa chini ya madaktari waliokuwa bado mafunzoni na wanafanya kazi saa nyingi mno, kifo kile ndo kikawasha mjadala mpaka jimbo likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki mwaka 1989, na Marekani nzima ikafuata 2003. Saa 80 zenyewe bado ni nyingi jamani. Nasema tu kwamba anayelipia uchovu wa mwanafunzi ni mgonjwa pia.

---

Mimi niko mwaka wa nne naandika haraka nina zamu. Chuo chetu kilisikia kilio, kikaleta semina ya ustahimilivu. Ikawekwa saa kumi na mbili jioni, sisi tuko wodini tangu asubuhi, mahudhurio yanachukuliwa na ukikosa unapunguziwa maksi. Tunafundishwa kuvuta pumzi na kutafakari huku kila mtu anahesabu kurasa ambazo hajasoma. Walimu wa semina walikuwa wazuri kabisa sina shida nao. Ila ingekuwa kheri wangetupa yale masaa mawili tulale.

---

Mleta mada narudi. Mpasuaji, shikamoo, na ahsante kwa kusema wazi. Mimi sikatai ugumu wa kazi. Mgonjwa wa saa nane usiku aamshwe mtu, sawa, na mwanafunzi akamwone, hapo anajifunza. Ninachosema ni kwamba kuna ugumu wa mgonjwa na kuna ugumu tuliouongeza wenyewe, na tumevichanganya mpaka tunaona ni kitu kimoja. Kupanga wanafunzi kwa maksi kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, hiyo inamsaidia mgonjwa gani? Kule Marekani, shule ya udaktari ya Mayo Clinic walipoacha madaraja ya maksi mwaka wa kwanza wakabaki na kufaulu au kutofaulu, wanafunzi walipungukiwa msongo, wakashikamana zaidi, na kwenye mtihani wa taifa hawakuwa nyuma ya waliowatangulia. Saint Louis University nao wakapunguza masaa na mzigo wa masomo, wakabadilisha maksi, wakawaunganisha wanafunzi na walimu kwenye vikundi, sonona na wasiwasi vikashuka. Na kuanzia Januari 2022 hata ule mtihani mkubwa wa kwanza wa leseni kule Marekani hautoi tena alama, umefaulu au hujafaulu basi.

Kuna kipimo cha ubora wa maisha cha Shirika la Afya Duniani, maswali 26, kinagusa mwili, akili, mahusiano na mazingira. Unaulizwa unalala vipi, unafurahia maisha kiasi gani, marafiki wanakusaidia au la. Nilikijaza nikiwa mwanafunzi, nikafika swali la usingizi nikakaa na kalamu muda mrefu.

---

Mpasuaji tena. Marahaba. Suala la masaa bado sijashawishika, mkiyapunguza mtaongeza miaka ya mafunzo na hakuna anayesema hilo. Ila hilo la mshauri kuwa msahihishaji nimelifikiria tangu jana. Mwaka wangu wa mwisho nilipita kipindi kibaya, sikuwa nakula, na sikumwambia mtu yeyote hata ndugu yangu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Niliogopa jina langu lisiandikwe mahali. Sijawahi kulisema hili kabla ya leo.

---

Mleta mada tena. Daktari ahsante sana kwa hilo, limenigusa. Na hoja yako ya miaka ya mafunzo ni ya kweli, tuifungulie uzi wake.

Kwa wale waliouliza inboksi waanzie wapi, viongozi wa wanafunzi ombeni jambo moja kwanza, kwa maandishi. Mshauri asiwe na maksi ya mwanafunzi yeyote mkononi, ofisi yake isiwe korido moja na ya mkuu wa kitivo, na faili lake lisiunganishwe na la taaluma. Wakiwauliza msingi wenu ni upi waonyesheni Azimio la Geneva, kile kiapo cha madaktari, tangu 2017 kina sentensi ya daktari kuahidi kutunza afya yake mwenyewe ili ahudumie vizuri. Rafiki yangu alirudia mwaka akamaliza, yuko kazini. Nimempigia jana kumwomba ruhusa ya kusimulia habari zake hapa, akasema andika, ila usisahau yule mzee.